Pazia la Maalim na Mlinzi wa Gemu

Miaka mingi niliyomjua Maalim sikupita pazia lake. Nyumba yake ya Mambrui naijua jiwe kwa jiwe kwa nje, maana mawe ya zile baraza mbili yalitoka kwenye timbo langu, na niliyakata mwenyewe wakati bado nakata kwa mkono. Baraza moja kulia kwa mlango, moja kushoto, halafu mlango mzito wa mbao, halafu pazia la kijani. Nyuma ya pazia sikujua kuna nini. Sikuuliza, naye hakusema.

Mimi ni mtu wa Kakuyuni. Shule niliiacha darasa la tatu, na sikuirudia. Nilikata mawe, nikapakia mawe, nikanunua lori la kubebea mawe, na leo anayejenga Malindi akitaka saruji au bati huja dukani kwangu aniamkie. Kuandika naandika nionavyo. Ninaandika haya kwa sababu watu wamemsema Maalim vya kutosha. Mmoja asema ni mzee mzima acheza gemu. Mwingine asema eti alifukuzwa huko kwenye gemu kwa wizi. Waliosema hayo hawakukaa naye barazani. Mimi nilikaa, karibu kila Ijumaa, na nimechoka kuwajibu mmoja mmoja.

Ukoo wake waulizeni wenyewe, watu wa Mambrui wanapenda kuulizwa hayo. Mimi nilimkuta tayari ni Maalim. Asubuhi alisomesha watoto Kurani chuoni, mchana alikuwa mtu wa stoo kwenye hoteli moja Malindi. Hoteli ikafungwa, vitu vikauzwa, naye akanunua kompyuta moja ya ofisini iliyochakaa. Huko stoo ndiko alikojifunza kufungua na kufunga mashine hizo.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuifuta ile Windows iliyokuwa ndani. Nikamwambia, mbona watupa kitu kizima?

"Mimi nilinunua sanduku," akasema. "Kilichokuwemo ndani kilikuwa cha hoteli, na siku ya kuuziana hakikutajwa."

Ndipo akaweka hiyo inayoitwa Linux. Alinieleza kwa maneno mepesi, maana alijua nikichoshwa huondoka. Alisema ni kama Windows kwa kazi yake, ndiyo roho ya kompyuta, ila walioitengeneza wametangaza kwa wote: chukua, tumia, mpe na mwenzako. "Hii mwenyewe kaniruhusu," akasema, na akatulia kama mtu aliyelipa kila anachodaiwa.

Siku moja tulikwenda pamoja kwenye duka la simu pale Malindi, kijana wa duka akajitolea kumwekea Windows bure.

Maalim akamuuliza, "Ni yako?"

"Si yangu, Maalim. Ni ya mtandaoni tu. Kila mtu anaitumia."

"Basi siwezi kuipokea kwako kama si yako."

Yule kijana akanitazama mimi anione nacheka. Sikucheka. Nilikuwa nimechoka na jua, na nilijua tukianza hapo hatutoki.

Msidhani alikuwa malaika. Mpira alikuwa akiutazama kwa jirani yake, na dishi la jirani ni la wizi, Mambrui nzima yajua. Nilipomwambia hivyo alisema yeye ni mgeni pale, na mgeni hamhoji mwenye nyumba alivyopata vyombo vyake. Nikamwambia, Maalim, wewe wizi wauona ukiwa kwako tu. Akanimiminia kahawa, akaniuliza habari za bei ya kokoto. Ndivyo alivyokuwa akishindwa: hakubali, lakini kikombe chako hujaa.

Gemu yenyewe ni ya kisiwa. Watu wanashuka kwa miavuli kutoka kwenye ndege, kila mmoja yuko nchi yake na kompyuta yake, wanatafutana na kupigana risasi mpaka kibaki kikundi kimoja. Nilimwambia, "Asubuhi wasomesha dini, alasiri waua watu."

"Siui. Nawatoa mchezoni. Wakitoka huenda wakanywa chai yao."

Ila hapo napo alikuwa na lake. Katika gemu ile mtu akitolewa, vitu vyake hubaki chini, bunduki, dawa, kila kitu, na aliyemtoa huokota. Maalim hakuokota. Alisema mali ya aliyekufa ina warithi. Nikamwambia hao si wafu, wewe mwenyewe umesema wanakunywa chai. Akasema basi kama wako hai ni mbaya zaidi, maana ni wizi mtupu. Kwa hiyo alipigana na kijibunduki cha kuokota mwanzoni, kisicho cha mtu, gemu nzima, na watu wakamtoa mapema kila Ijumaa.

Isipokuwa mwanawe akiwa naye.

Sasa nifike kwa mwanawe, maana hapo ndipo palipo na uzito. Ana mmoja tu. Yuko Uarabuni, anaendesha mashine za kubebea mizigo kwenye ghala. Gemu hiyo waliianza pamoja, kijana bado yuko nyumbani, na jina la Maalim la humo ndani ya gemu alimpa kijana. Mke wa Maalim alipofariki, kijana hakuja kuzika. Mwajiri alikuwa ameshika pasi yake ya kusafiria, na alipoipata mama alikuwa ameshazikwa. Maalim aliambiwa haya yote, na alijua ni kweli. Lakini siku ya msiba, watu wamejaa barazani, kijana akapiga simu, na Maalim akamwambia mbele yetu, "Usinipigie tena mpaka ulijue kaburi la mama yako liko wapi."

Mimi nilikuwepo. Hakupaza sauti. Angepaza, lingekuwa neno la hasira, na la hasira hupita.

Simu haikulia tena. Ila baada ya miezi, Ijumaa moja, Maalim akafungua gemu akaliona jina la kijana limewaka. Kijana akamwita kikundini, naye akaingia. Hawakuamkiana. Nilikuwa barazani na kahawa yangu, pazia limeshuka, namsikia yeye peke yake, maana alivaa hedifoni. "Kulia," akasema. Kimya. "Nimeona." Kimya. "Mbele yako, nyuma ya ukuta." Nilidhani acheza na mtu yeyote. Alipotoka na birika nikaona uso wake, nikajua.

Tangu siku ile ikawa kila Ijumaa baada ya alasiri. Kijana alikuwa anaokota zile bunduki za watu, anamwangushia babake miguuni, na Maalim anazichukua. Nikamwuliza na warithi je? Akasema alichonipa mtoto wangu ni hiba, siulizi kilikotoka. Lile dishi la jirani tena. Kuna ubishi unaouacha kwa sababu ukishinda utakuwa umeharibu.

Nilimwambia lakini jambo moja, tena zaidi ya mara moja: mpigie simu mkazungumze kama watu. Alisema simu ina maneno, na maneno wao wawili hawayawezi. Kwenye gemu kuna kulia na kushoto tu.

Shida ilitoka kwenye ile Linux. Gemu ile imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Ili ifanye kazi kwa Maalim kulikuwa na kitu katikati, yeye alikiita mkalimani: gemu inasema lugha ya Windows, mkalimani anageuza, Linux inaelewa. Kwa miaka kadhaa ilikwenda vizuri. Lakini gemu za namna hii zina mlinzi, programu inayowakamata wadanganyifu, wale wanaotia vitu kwenye kompyuta zao waone watu nyuma ya kuta au risasi zijielekeze zenyewe. Mlinzi wa kwanza alikuwa hajali. Alisimama nje, akatazama, akamruhusu Maalim na mkalimani wake.

Halafu wenye gemu wakabadilisha mlinzi. Wakasema wadanganyifu wengi wanajificha kwenye Linux, kwa hiyo Linux yote basi. Na huyo mlinzi mpya hataki kusimama nje. Anataka kuingia ndani kabisa ya kompyuta, kwenye ule moyo wake, awepo tangu unapoiwasha, aone kila kitu, na anakubali Windows peke yake.

Ijumaa ile nilisikia kimya kirefu nyuma ya pazia. Maalim akatoka bila birika.

"Wanataka mtu wao aingie mpaka ndani," akasema. "Mgeni nimemkaribisha miaka yote. Sasa ataka chumba cha kulala."

Lazima mwelewe alivyokuwa na jambo hilo. Kwao mgeni mahali pake ni barazani. Utakula hapo, utalala hapo ukitaka, utaletewa maji ya kuoga, hutapungukiwa. Lakini pazia hulipiti. Mkewe alipokuwa hai sinia lilitokea chini ya pazia, mkono tu nauona. Alipofariki, Maalim alikwenda mwenyewe kuleta kahawa, na kila akiingia alilishusha pazia nyuma yake, nyumba haina mtu. Nilikuwa nikisema moyoni, hili linanihusu mimi mtu wa Kakuyuni. Halafu nikawaona na watu wa mji wenyewe, masharifu na matajiri, wote wanakaa ninapokaa mimi, juu ya mawe yangu.

Nilimwambia chukua kompyuta ya binti yangu, ina Windows yake halali, ilinunuliwa nayo, risiti ninayo. Akasema hapana, asante. Nikamwambia una kiburi. Akasema, "Tena wewe wa kuniambia." Tukacheka kidogo. Alikuwa na wasiwasi, niliuona, maana Ijumaa ya pili ilikuwa inakuja na kijana angemsubiri.

Basi akafanya alilofanya, na linatokana na vile alivyolelewa. Akanunua Windows halali, akailipia. Lakini hakuiweka kwenye kompyuta. Ndani ya Linux yake akatengeneza kompyuta nyingine ya bandia, nyumba ndogo ndani ya nyumba, akaiweka Windows humo, na mlinzi akamweka humo pia. Alinieleza barazani, mikono ikichora hewani. Mlinzi atapata kila kitu, nafasi, mlango, hata moyo wa kuchungulia. Mgeni akitunzwa vizuri barazani, alisema, hana haja ya kuuliza ndani kuna nini.

Mlinzi aliuliza. Kazi yake ndiyo hiyo. Wadanganyifu nao hutumia nyumba ndogo hizo hizo, na yeye anazitambua. Walicheza Ijumaa moja, nikamsikia "kulia" na "nimeona", na sauti yake ina furaha. Ijumaa iliyofuata, katikati ya mchezo, akakatika.

Gemu ile ikimtoa mtu kwa sababu hiyo haimtoi kimya. Inaandika juu ya kioo cha kila aliyemo: fulani ameondolewa kwa udanganyifu. Jina lile lile alilopewa na mwanawe. Na kijana alikuwa pembeni yake anasoma.

Maalim akatoka akakaa baraza ya mkabala na yangu. Mtu aliyekataa Windows ya bure ya kijana wa duka. Mtu aliyeacha bunduki za watu chini.

"Wameniandika mwizi," akasema. "Mbele yake."

Mimi sijui kubembeleza. Nikamwambia, "Ulimdanganya yule mlinzi."

"Sikumdanganya. Nilimweka barazani."

"Ulimwambia ni ndani."

Akawa anatazama ule mlango wake mwenyewe.

Adhabu yenyewe ilikuwa ya kudumu. Lile jina lilikufa, na kompyuta ile pia walikuwa wameitia alama, hata akija na jina jipya kwa mashine ile wasingemfungulia. Aliwaandikia wenye gemu akaeleza kila kitu, na jibu likaja haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma. Walisema wamepitia na uamuzi haubadiliki. Kijana wa pale jirani akalieneza, maana naye hucheza, na watoto wa chuoni wakawa wanaambiana Maalim kafungiwa. Mzazi mmoja alikuja kumuuliza kwa adabu nyingi kama ni kweli. Adabu ile ilimuumiza kuliko tusi.

Ijumaa zikawa zinapita. Nilikuja, nikakaa, tukanywa kahawa, tukazungumza habari za mvua na za wagombea. Nyuma ya pazia kimya. Alidhoofu. Sisemi kwa mapambo, kanzu ilimpwaya. Simu yake ilikuwa hapo barazani kati yetu na hailii, na wala haikuwa na sababu ya kulia, maana aliyekatazwa alikuwa amekatazwa. Mwanawe kwa upande wake, sijui aliwaza nini. Huenda aliona babake mdanganyifu. Huenda aliona babake ameamua kuondoka tena.

Mwisho nikachoka. Nikamwambia, "Siku ile ulimkataza yeye asikupigie. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Wewe nani alikukataza?"

Nikaongeza, maana nikianza siachi, kwamba yeye mtu wa masharti, anayejua hata sanduku na kilichomo ndani ya sanduku ni mauzo mawili, mbona hilo halikumjia. Akasema nimekuwa mwanasheria. Nikasema nimekuwa mzee, na nina timbo la kuangalia, siwezi kuja kukaa na maiti kila Ijumaa. Nikaondoka. Msimu ule kazi zilikuwa nyingi, lori liliharibika njia ya Kakuyuni, na nikakaa muda mrefu sijafika Mambrui.

Nilikwenda mwezi uliopita. Ijumaa, alasiri. Nikapiga hodi, nikaenda moja kwa moja kukaa mahali pangu, kulia kwa mlango.

"Ingia," sauti ikatoka ndani.

Nikadhani hajanijua. Nikasema ni mimi, mtu wa mawe.

"Najua. Ingia, siwezi kutoka, nimeshikwa."

Nilisimama mbele ya lile pazia kijinga kabisa. Kisha nikaliinua.

Hakuna kitu ndani. Nataka niseme hivyo kwa wanaojiuliza. Ukumbi mwembamba, kitanda cha kamba, kanga ya marehemu mkewe imetundikwa ukutani, na kwenye meza kompyuta mpya, ndiyo kitu kipya pekee katika nyumba. Ina Windows, ya kununuliwa nayo. Pembeni kabisa mwa kioo, chini, kuna alama ndogo kama ngao. Maalim alinionyesha kwa kidevu, mikono imeshughulika na gemu.

"Mlinzi huyo hapo. Nimempa nyumba yote. Akae."

"Na Linux yako?"

"Iko kwenye ile ya zamani. Naisomea." Akapumua. "Ukishamwingiza yeye, kukuacha wewe nje imekuwa kama matusi."

Nikakaa kwenye kitanda. Hakuwa na hedifoni, sauti ilikuwa inatoka wazi, na nilimsikia kijana kwa mara ya kwanza tangu aende. Sauti imekuwa nzito. Hawakuwa wanazungumza habari za kaburi wala za pasi. Walisema kulia, walisema kushoto. Maalim alinieleza baadaye kwamba alimpigia. Kijana alipokea akanyamaza, na yeye Maalim akasema jina jipya la gemu, akakata. Ndiyo simu yote. Ijumaa iliyofuata kijana akamwita kikundini, na kabla ya ndege kuruka akasema, "Niliwaambia watu baba yangu hata cha maiti haokoti." Basi. Hilo ndilo walilozungumza kuhusu wizi.

Kwenye kioo mtu mmoja alianguka, na vitu vyake vikabaki chini vinang'aa. Mwenzake Maalim, ndiye kijana, akaokota bunduki, akaja nayo, akaiangusha.

"Chukua, baba. Nimekupa."

Maalim akaichukua. Mimi nikakohoa, vumbi la timbo haliniachi siku hizi, na sauti ikaingia huko.

"Baba, uko na nani?"

Miaka yote hiyo, mbele ya watu wote, Maalim aliniita mgeni wangu. Alilitamka neno hilo kwa heshima, sikatai. Hakuyaondoa macho kwenye kioo.

"Mtu wa ndani," akasema. "Angalia kushoto kwako."